Setilaiti zetu zitashuka, hesabu zake tuzifanye wenyewe

Aprili 15, 2023 roketi ya Falcon 9 ilipaa kutoka kambi ya Vandenberg, California, ikiwa imebeba Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza ardhi. Tulishangilia siku hiyo, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Wahandisi wetu walikuwa wamesanifu chombo cha kutazama mashamba, misitu na mito yetu kutoka juu, kwa gharama iliyotangazwa kuwa takriban shilingi milioni 50.

Wasiwasi wangu unaanzia siku ya pili yake. Roketi ikishapotea machoni, mjadala nao hupotea. Hakuna anayeuliza chombo kimeshuka mita ngapi wiki hii, dhoruba ya jua ya majuzi imekifanya nini, au kitateketea lini. Tunazungumzia setilaiti kama mali iliyokwisha kuwekwa mahali pake, ilhali haina mahali pake. Kila siku inavutwa na dunia isiyo na umbo kamili la tufe, na inakwaruzwa na hewa ambayo wengi wetu hatujui kwamba iko.

Hoja yangu ni moja. Nchi inayomiliki setilaiti lakini haimiliki hesabu za mwendo wake inamiliki nusu ya kitu. Afrika Mashariki ina sababu za kipekee za kumiliki nusu ya pili, kwa kuwa sehemu ya elimu hiyo ilipatikana hapa hapa pwani yetu, na tukaiacha iondoke.

Tuanze na hewa. Wengi huamini kwamba ukivuka kilomita 100 kwenda juu hewa imekwisha. Haijaisha, inazidi tu kuwa nyembamba. Kwenye kimo cha kilomita 400, ukikusanya hewa yote iliyomo ndani ya eneo lenye urefu, upana na kimo cha kilomita moja moja, utapata gramu chache tu. Gramu hizo zingekuwa si kitu kama setilaiti ingekuwa imetulia. Lakini setilaiti ya kimo hicho hukimbia karibu kilomita 7.7 kila sekunde, mwendo wa kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa dakika moja hivi. Aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la matatu iliyoshika kasi anajua kwamba hewa husukuma. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chenye uzito unaozidi tani 400, hushushwa na hewa hiyo kwa takriban kilomita mbili kila mwezi. Ndiyo maana kila baada ya muda injini huwashwa ili kukipandisha tena. Zikiacha kuwashwa, kituo kizima kitarudi duniani. Setilaiti ndogo zisizo na injini hazina hata nafasi hiyo. Zikishaachiwa, kinachobaki ni kuhesabu siku.

Msuguano huu una ajabu yake. Tungetarajia uipunguzie setilaiti mwendo, kumbe mwishowe huiongezea. Hewa huipokonya setilaiti nishati, setilaiti hushuka kwenye obiti ya chini zaidi, na obiti ya chini ina mvutano mkubwa na mwendo wa kasi zaidi. Kwa hiyo dalili ya kwanza kwamba setilaiti inashuka ni kwamba inawahi. Fundi aliyeielekezea antena huiona ikichomoza upeoni kabla ya wakati aliopewa, leo kwa sehemu ya sekunde, wiki ijayo kwa sekunde kadhaa. Sekunde moja ni kilomita saba na zaidi. Akiwa na hesabu za wiki iliyopita, antena yake itatazama mahali ambapo setilaiti haipo.

Ni kwa kuhesabu kuwahi kwa namna hiyo ndipo binadamu alipoitambua hewa ya juu. Baada ya Sputnik 1 kurushwa Oktoba 4, 1957, wanasayansi walianza kufuatilia setilaiti za mwanzo usiku kwa usiku. Luigi Jacchia, mnajimu mzaliwa wa Trieste nchini Italia aliyekuwa akifanya kazi na taasisi ya Smithsonian huko Massachusetts, aligundua kwamba setilaiti hazikushuka kwa mpangilio ulio sawa. Zilikuwa na vipindi vya kushuka haraka na vipindi vya kushuka polepole, na vipindi hivyo vilifuatana na hali ya jua. Jua likichangamka, miale yake ya urujuanimno hupasha moto tabaka za juu za angahewa, tabaka hizo hutanuka, na hewa nzito kidogo hupanda hadi kimo cha setilaiti. Kwenye kilomita 400, hewa wakati wa kilele cha mzunguko wa jua wa takriban miaka 11 inaweza kuwa na uzito mara kumi ya ule wa wakati jua limetulia.

Tangu mwaka 1947 Kanada imekuwa ikipima kila siku mawimbi ya redio ya jua yenye urefu wa sentimita 10.7. Tarakimu hiyo moja huingia leo katika hesabu za karibu kila mtu anayetaka kujua setilaiti yake itakuwa wapi kesho. Jambo dogo kama hilo, lililofanywa bila kukoma kwa zaidi ya miaka 70, limeipa Kanada nafasi ambayo fedha nyingi za mara moja zisingeinunua.

Aliyepuuza jua amelipa. Skylab, kituo cha kwanza cha Marekani cha anga za juu, kilirushwa Mei 14, 1973. Wanaanga wa mwisho walipokiacha mwaka 1974, ilitarajiwa kwamba kingebaki juu hadi miaka ya 1980, na kwamba chombo kipya cha shuttle kingefika kukipandisha. Jua likachangamka kuliko ilivyotabiriwa, hewa ikatanuka, na shuttle ilikuwa bado haijawa tayari. Julai 11, 1979 kituo hicho kilivunjika vipande vipande, vingine vikaanguka katika Bahari ya Hindi na vingine karibu na mji wa Esperance, Australia Magharibi.

Miaka 43 baadaye funzo lile lile lilirudi. Februari 3, 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink na kuziachia kwenye kimo cha takriban kilomita 210 kwanza, ili zikaguliwe kabla ya kupandishwa. Kesho yake dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua ikaipiga dunia. Haikuwa dhoruba kubwa. Hata hivyo msukumo wa hewa uliongezeka kwa hadi asilimia 50 kuliko katika safari zilizotangulia, na setilaiti 38 zikateketea kabla ya kufanya kazi hata siku moja. Kampuni hiyo ilikuwa na wahandisi hodari, kompyuta na fedha, na bado hewa iliishinda. Dhoruba ya Mei 10, 2024, iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa takriban miongo miwili, ilisababisha maelfu ya setilaiti kuwasha injini kwa karibu wakati mmoja ili kurudia vimo vyao. Intaneti ya Starlink imekuwa ikitumika Rwanda na Kenya tangu mwaka 2023, kwa hiyo habari za jua si za wanasayansi wa mbali tena. Zinamhusu mwalimu wa Turkana anayefundisha kwa mtandao huo.

Sasa tuje kwenye mvutano. Shuleni tulifundishwa kwamba dunia ni tufe. Kwa setilaiti, ukweli huo hautoshi. Dunia imetuna kwenye ikweta. Nusu kipenyo chake hapa kwetu ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni kilomita 6,357. Tofauti hiyo ya kilomita 21 ndiyo inayofanya kilele cha Kilimanjaro, na hata cha Mlima Kenya, kiwe mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest. Uzito huo wa ziada ulioizunguka ikweta huivuta setilaiti pembeni kila inapopita, na matokeo yake obiti nzima huzunguka taratibu. Obiti ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu husogea kuelekea magharibi kwa takriban nyuzi tano kila siku.

Wahandisi walijifunza kuugeuza usumbufu huu kuwa msaada, na Taifa-1 ni shahidi. Setilaiti za kupiga picha za ardhi hupitishwa karibu na ncha za dunia, kwa mwinamo wa nyuzi 98 hivi, ili uvimbe wa ikweta uzungushe obiti yao kwa karibu nyuzi moja kila siku kuelekea mashariki. Hiyo ndiyo kasi ambayo dunia inalizunguka jua. Kwa hiyo setilaiti hupita juu ya shamba la Uasin Gishu saa ile ile ya jua, Januari hadi Desemba, vivuli vikiwa vimelala vile vile. Mahindi ya mwezi huu yanaweza kulinganishwa na ya mwezi uliopita bila mtu kudanganywa na mwanga. Kazi hiyo haili hata tone la mafuta, kwa kuwa uvimbe wa dunia ndio unaoifanya.

Lakini uvimbe si kasoro pekee ya dunia. Ndani yake miamba mizito na miepesi imetapakaa bila mpangilio. Edward Bullard, mwanajiofizikia wa Uingereza, alipita Afrika Mashariki miaka ya 1930 akiwa na vyombo vya pendulamu, akipima mvutano kituo baada ya kituo. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1936, baada ya kuondoa athari ya mwinuko na ya miamba iliyo juu ya usawa wa bahari, alikuta mvutano wa nyanda zetu za juu na Bonde la Ufa ni pungufu. Katika Bahari ya Hindi pia kuna upungufu mkubwa: kusini mwa Sri Lanka uso wa bahari uko takriban mita 100 chini ya umbo laini la dunia linalotumika katika hesabu. Setilaiti inayopita juu ya sehemu hizi huharakishwa kidogo na kucheleweshwa kidogo, na kadiri inavyokuwa chini ndivyo inavyoyahisi zaidi mabadiliko hayo.

Anayedhani haya ni mambo madogo na autazame mwezi, ambao hauna hewa ya kulaumiwa. Aprili 24, 1972 wanaanga wa Apollo 16 waliiacha setilaiti ndogo ikiuzunguka. Chini ya baadhi ya mabonde makubwa ya mwezi kumezikwa uzito mkubwa usioonekana kwa macho. Mvutano huo usio sawa uliivuruga obiti ya setilaiti hiyo, ikakaribia uso wa mwezi, na siku 35 tu baada ya kuachiwa ikagonga ardhi.

Chombo kilichokabiliana na yote mawili, hewa na mvutano, kwa ujasiri kuliko vyote ni GOCE ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya. Kilirushwa Machi 17, 2009 ili kuchora ramani ya mvutano wa dunia. Ramani nzuri hutaka ukaribu, na ukaribu humaanisha hewa. Wahandisi wakakiweka kwenye kimo cha takriban kilomita 255, mahali ambapo setilaiti ya kawaida haidumu. Walikipa umbo jembamba, na injini ya umeme iliyotumia gesi ya zenoni. Injini hiyo ilisukuma kwa nguvu ndogo mno, na ilibadilika kila mara kufuata hali ya hewa ya dakika ile ili msukumo wa hewa ufutwe kabisa na vipimo vya mvutano vibaki safi. Baadaye kilishushwa zaidi, hadi karibu kilomita 224. Zenoni iliisha Oktoba 21, 2013, na Novemba 11 mwaka huo huo chombo kikateketea karibu na Visiwa vya Falkland. Wiki tatu tu bila injini zilitosha.

Yote haya yanatuhusu vipi? Jibu liko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Katika miaka ya 1960, Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa anga wa Chuo Kikuu cha Roma, alitafuta mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta. Alipachagua hapa kwa sababu ardhi ya ikweta huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa mwendo huo bure. Majukwaa mawili ya chuma yalisimamishwa baharini kwenye ghuba ya Ungwana: San Marco, la kurushia, na Santa Rita, la kuongozea. Aprili 26, 1967 roketi ya Scout ilipaa kutoka hapo ikiwa na San Marco 2.

Setilaiti hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Ilikuwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 66 hivi, lakini kwa hakika ilikuwa vitu viwili. Nje kulikuwa na ganda jepesi. Ndani kulikuwa na kiini kizito chenye vyombo na betri. Viwili hivyo viliunganishwa kwa mikono yenye kunyumbuka. Hewa ilipoligusa ganda, ganda lilirudi nyuma kidogo, kiini kwa uzito wake kikaendelea, na ile mikono ikapinda. Kipimo cha kupinda kwake ndicho kilikuwa kipimo cha hewa, palepale na papo hapo. Kabla ya hapo, Jacchia na wenzake walilazimika kusubiri mizunguko mingi ndipo wakadirie hewa kutokana na kuwahi kwa setilaiti. Mizani ya Broglio ilipima hewa ya ikweta hatua kwa hatua. Oktoba 14, 1967, baada ya miezi isiyotimia sita, San Marco 2 ilirudi na kuteketea katika hewa ile ile iliyokwenda kuipima.

Zilifuata nyingine: San Marco 3 Aprili 1971, San Marco 4 Februari 1974, na ya mwisho Machi 25, 1988. Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka ghuba ya Ungwana. Wengi wetu tunaikumbuka Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, na kufungua ukurasa mpya wa unajimu wa eksirei. Nami naiheshimu. Lakini kwa hoja yangu ya leo, San Marco 3 ina uzito zaidi. Mwaka 1977 Alan Hedin na wenzake wa NASA walipochapisha muundo wa hesabu za angahewa ya juu unaoitwa MSIS, walitegemea vipimo vya setilaiti tano, na San Marco 3 ilikuwa mojawapo. Warithi wa muundo huo wanatumika hadi leo, na mwanafunzi yeyote anayekokotoa maisha ya setilaiti, awe Tokyo au Toronto, yumkini anautumia mmoja wao. Ndani ya hesabu hizo mna hewa iliyopimwa na chombo kilichopaa kutoka pwani ya Kenya.

Vijana wetu wangapi wanalijua hilo? Ni idara ngapi za fizikia katika vyuo vyetu zinazofundisha angahewa ya juu kama somo kamili? Ngomeni tulitoa bahari, ikweta na ulinzi. Vipimo vilikwenda Roma na Maryland, na elimu ikabaki huko.

Siku hizi tumeanza kurudi angani kwa miguu yetu, na natoa heko. Mei 11, 2018 setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Rwanda ikafuata na RWASAT-1 mwaka 2019, na Uganda na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Zote tatu ziliachiwa kutoka kituo hicho hicho, kwenye kimo ambacho hewa huitafuna setilaiti ndogo kwa muda wa mwaka mmoja hadi mitatu. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa vyombo vya kimo hicho marejeo hayana budi.

Kushuka kwa setilaiti hizo si aibu, na ninawapinga wanaosema ni hasara. Kila moja, katika miezi yake ya kushuka, ilikuwa kipimo cha hewa. Anayefuatilia kuwahi kwake siku kwa siku anapata takwimu za angahewa bila kurusha chombo kingine. Hasara ni kuiacha ishuke bila mwanafunzi wetu hata mmoja kuketi na tarakimu zake, kuchora mstari wa kimo chake dhidi ya hali ya jua, na kuandika alichokiona. Kazi hiyo haihitaji roketi. Inahitaji kompyuta ya kawaida, mwalimu anayeijua, na mshahara wa kumfanya mwalimu huyo abaki.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni anasa, kwamba Marekani huchapisha obiti za maelfu ya vitu bure, na kwamba nchi yenye njaa na shule bila madawati haina haja ya kurudia hesabu za wengine. Hoja hiyo ni nzito, na inastahili majibu matatu.

La kwanza ni kwamba hesabu za bure hazitoshi. Februari 10, 2009 setilaiti mbili, Iridium 33 ya Marekani na Cosmos 2251 ya Urusi iliyokuwa imekwisha kufa, ziligongana juu ya Siberia kwenye kimo cha karibu kilomita 790. Hesabu zilizokuwa wazi kwa umma zilionyesha zingepishana kwa mita 584. Kosa la mita mia kadhaa ni la kawaida katika hesabu hizo za jumla, na mwenye setilaiti ndiye anayeweza kulipunguza, kwa kuwa yeye ndiye anayejua umbo la chombo chake, kimeelekea wapi, na kipokezi chake cha GPS kinasema nini. Asipoifanya kazi hiyo, hakuna wa kumfanyia.

La pili ni haki. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Kwa rehema za Mungu haikumpata mtu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe madhara kinayosababisha ardhini. Lakini anayedai lazima athibitishe chombo ni cha nani, na uthibitisho huo hutokana na kurudisha njia nyuma: kimetoka obiti gani, kiliingia hewani saa ngapi, kilipita wapi. Mkulima wa Makueni akipoteza nyumba kesho, haki yake itategemea kama tuna mtu anayeweza kuifanya hesabu hiyo na kuitetea mbele ya wataalamu wa upande wa pili.

La tatu ni faida inayokuja na elimu hii. Mwaka 2002 vyombo viwili vya GRACE vilirushwa, vikafuatana kwa umbali wa takriban kilomita 220 kwenye obiti moja. Cha mbele kilipokaribia mahali penye uzito mkubwa kilivutwa kwanza, na umbali kati yao ukabadilika kwa kiasi kidogo mno, ambacho vyombo vilikipima hadi sehemu ya unywele. Kwa njia hiyo vilipima maji. Ziwa Victoria lilipopungua katikati ya miaka ya 2000, kwa ukame na kwa maji mengi kupitishwa kwenye mabwawa ya Jinja, upungufu huo ulisomeka katika mvutano wa dunia kutoka angani. Wavuvi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe waliuona ufukweni. Wanasayansi wa Marekani waliuona kwenye obiti na kuuandikia. Vyombo vilivyorithi kazi hiyo, GRACE-FO, viko juu tangu Mei 2018, na takwimu zake ziko wazi. Ni maji yetu, na sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuyasoma.

Kuna jambo lingine linaloifanya kazi hii isingoje. Hewa ukaa inayoipasha joto dunia huku chini huzipoza tabaka za juu kabisa, kwa sababu huko hutoa joto kwenda angani badala ya kulizuia. Raymond Roble na Robert Dickinson walilikokotoa hilo mwaka 1989, na vipimo vya kushuka kwa setilaiti vimeonyesha kwamba hewa ya juu kweli inazidi kuwa nyembamba kadiri miongo inavyopita. Hewa ikipungua, vipande vya roketi na setilaiti zilizokufa hukaa juu muda mrefu zaidi, na hatari ya kugongana huongezeka kwa kila anayekuja. Afrika Mashariki imechangia kidogo sana katika hewa ukaa hiyo, na ndiyo kwanza inaingia angani. Mezani ambako sheria za obiti zinajadiliwa, asiye na vipimo vyake husikiliza tu.

Kwa hiyo napendekeza haya. Mashirika yetu ya anga za juu yachapishe kila mwezi hali ya kila setilaiti yetu: kimo chake, mafuta yaliyobaki kama yapo, na mwaka unaotarajiwa wa kushuka. Wananchi walioilipia wana haki ya kujua. Mkataba wowote wa kununua au kurusha setilaiti useme wazi chombo kitaishi miaka mingapi jua likichangamka na mingapi likitulia, na umpe mhandisi wetu takwimu ghafi za mwendo wake. Vyuo vikuu vya Jumuiya ya Afrika Mashariki viunde programu moja ya pamoja ya mwendo wa setilaiti na angahewa ya juu, kwa kuwa hakuna nchi moja kati yetu yenye walimu wa kutosha. Na kituo cha Malindi, yaani kile cha Ngomeni, ambacho makubaliano ya Kenya na Italia ya mwaka 2016 yanakihusisha na mafunzo na kugawana takwimu, kirudishiwe kazi yake ya kwanza. Kipime tena hewa ya ikweta, safari hii kwa setilaiti ndogo zilizotengenezwa hapa na kufuatiliwa na watu wa hapa. Mizani ya Broglio ilitengenezwa kwa ufundi wa miaka ya 1960. Haiwezi kuwashinda wahandisi wetu wa leo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mabilioni. Kinachohitajika ni nafasi chache za kazi za kudumu, ambazo hazikatwi serikali ikibadilika, na subira kama ile ya Wakanada wanaolipima jua kila siku.

Wabunge wanapoketi kujadili bajeti ya anga za juu, nawaomba waulize swali moja kabla ya kuuliza bei ya roketi: setilaiti hii ikishapanda, ni nani kati yetu ataifanya hesabu yake kila asubuhi hadi siku itakayoteketea, na ameajiriwa wapi? Waziri asiye na jina la mtu huyo arudi kumtafuta kwanza, kisha ndipo aombe fedha.